Shingo ya Mama na Viatu Vyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Naandika kwa sababu nikisema kwa sauti nitajikuta nje na begi langu.

Dada yangu, mwenye saluni, ametuita asubuhi kabla ya kufungua mlango, mimi na Mwoka Mikate. Akasema chumba cha nyuma hakiwezi kuendelea kuwa na wakandaji wawili. Chumba cha nyuma! Chumba changu cha masaji! Mimi nakanda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwoka Mikate anakanda siku zilizobaki. Sasa Dada anataka mtu mmoja tu, siku tatu kwa wiki, na siku nyingine atapanga humo mashine zake za kukaushia nywele. Atakayebaki atajulikana Jumamosi. Atakayeshindwa atafute pa kwenda.

Nikamuuliza atatuchagua kwa kigezo gani. Nilitegemea ataje cheti. Mimi ninacho cheti, kozi ya wiki tatu, kina muhuri, kipo kwenye fremu. Mwoka Mikate hana hata barua. Amekanda unga miaka ishirini kwenye duka la mikate, siku moja akaacha unga akaanza migongo ya watu. Basi!

Dada akajibu kwamba kigezo ni shingo ya Mama.

Mama yetu hajageuza shingo kushoto kwa miezi mitatu. Imekaza. Anatazama mbele na kulia tu. Jumamosi tutamkanda wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Mama atalala kifudifudi, hataambiwa ni nani anamkanda, na sisi haturuhusiwi kutoa neno. Atakayeilegeza shingo, chumba ni chake.

Nina miaka arobaini na mitatu. Nilifuga kuku, wakafa. Nilitengeneza simu, zikaungua. Nilipiga picha za harusi, maharusi wote wakatoka wamefumba macho. Nikikosa chumba hiki sina mbele wala nyuma. Dada anajua. Na bado ananilinganisha na mtu wa mikate! Haki ya nani, nimechoka na familia hii.

Jumanne, 4 Machi

Siku yangu. Mteja mmoja tu. Mlinzi wa benki, anasimama kutwa, miguu na kiuno vinamuuma.

Nilimkanda kisayansi. Ngozi ya binadamu ina mishipa ya fahamu inayopenda kupapaswa polepole, kama sentimita tatu kwa sekunde. Ukienda mbio haiitiki. Ukizubaa nayo inalala. Hayo yote yamo kwenye daftari langu la kozi. Kwa hiyo nimemwekea rula mgongoni, nikaning'iniza saa ya ukutani juu ya kitanda, nikawa nahesabu kwa sauti. Moja, sentimita tatu. Mbili, sentimita sita. Njiani nikamweleza kwa nini hahisi shati lake mwenyewe mwilini. Ni kwa sababu ngozi ikiguswa vilevile muda mrefu inaacha kutoa taarifa. Nikamweleza na aina za mishipa. Nilikuwa nimefika aina ya tatu.

Akainuka! Akavaa shati! Rula ikaanguka. Akasema ahsante, kiuno kimepona ghafla.

Dada akaniuliza mbona wateja wangu wanatoka nusu saa kabla ya wakati na wa Mwoka Mikate wanaamshwa. Nikamwambia wa Mwoka Mikate wanalala kwa sababu hawafundishwi chochote. Akaguna. Sipendi anavyoguna. Anaguna kama marehemu Baba.

Na tena kuna habari ya mikono yangu. Dada anasema ni ya baridi. Hilo ni suala la damu, si la kipaji.

Jumatano, 5 Machi

Mpango! Nimepata mpango!

Mkandwaji akilala kifudifudi, uso unaingia kwenye tundu la kitanda. Anaona nini? Sakafu. Na viatu vya mkandaji. Hakuna kingine. Wateja wote wanamjua Mwoka Mikate kwa viatu vyake vya plastiki vyekundu. Huvivaa kazini tu. Akitoka kwenda kula anaviacha chini ya kitanda, vimepangwa sambamba kama vya mtoto wa shule.

Saa saba mchana alikwenda kula. Fundi Cherehani akawahi, akajilaza mwenyewe akimsubiri. Huyu ni mshonaji wa jirani, mabega yamempanda hadi masikioni kwa kuinamia cherehani, na mdomo wake unafika mtaa mzima kabla ya jioni. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nitavaa viatu vyekundu, nitamkanda vibaya, kesho mtaa mzima utajua Mwoka Mikate ni bure kabisa.

Nikavivaa. Lo! Mwoka Mikate ni mtu mfupi na viatu vyake ni vya mtu mfupi. Vidole vilikunjwa vyote kumi. Kila hatua nilitaka kupiga yowe.

Nikavunja kila kanuni ya kozi. Sikueleza kitu, maana angeitambua sauti yangu. Sikuhesabu. Rula niliiacha. Sikuweza kwenda haraka kwa sababu ya vile viatu vya kishenzi, nikawa natambaa. Mara mbili maumivu yalinizidi, nikaegemeza viganja vyote viwili mgongoni mwake nisianguke, nikabaki hivyohivyo, nikimsikiliza anavyopumua. Ukandaji wa hovyo ambao sijapata kuuona.

Alisinzia. Nikatoka kwa visigino. Kesho tutasikia.

Alhamisi, 6 Machi

Nataka kuvunja kitu.

Fundi Cherehani amekuja asubuhi na mapema. Kaleta aproni. Kashona usiku kucha, kitambaa kizuri, mfuko mbele, na kwenye kifua katarizi maneno ya kushukuru mikono ya Jumatano. Kamvalisha Mwoka Mikate, aliyekuwa amepitia kusalimia, mbele ya wateja wa Dada. Kasema tangu ameanza kushona hajakandwa vile. Kasema ilifika mahali machozi yakamtoka na hajui kwa nini, labda kwa kuwa tangu mumewe afariki hakuna mtu aliyemwekea mkono mgongoni akatulia.

Mikono ile ni yangu! Aproni ile ni yangu! Na haiwezi hata kunitosha, kapima kwa kimo cha yule!

Mwoka Mikate alishangaa, akasema Jumatano alipotoka kula alimkuta mteja amekwisha kuamka, akadhani amechoka kusubiri. Fundi Cherehani akamwambia aache unyenyekevu. Saluni nzima ikacheka kwa upendo. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa, maana mteja sikupata. Maelezo ni mawili tu. Kwanza, watu wana upendeleo wa viatu. Wakiona vyekundu wanajisikia raha kabla hawajaguswa. Pili, sikukanda vibaya vya kutosha. Lazima kuna kanuni moja niliisahau nikaifuata kwa bahati mbaya. Jumamosi sitarudia kosa hilo.

Ndiyo, Jumamosi. Mimi nitakuwa wa kwanza, saa nne, kwa viatu vyangu na sayansi yote. Kisha wa pili, saa sita, atakuwa viatu vyekundu. Na ndani yake nitakuwemo mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mama kumwangalia shingo kabla ya mtihani. Niliwakuta majirani wawili. Wao wakaoneshwa viti vya kulia. Mimi, kama kawaida, kushoto. Tangu shingo ikaze ananiketisha kushoto, asikoweza kugeukia. Ananiuliza habari za kazi huku anatazama jokofu. Nikimjibu, anaitikia jokofu.

Hii ni kwa sababu ya godoro. Nitaeleza mara moja tu, kwa faida ya ukweli. Nilipoanza kazi sikuwa na kitanda cha masaji. Mama alikuwa na godoro zuri, nene. Nikaliazima mchana mmoja akiwa ametoka, nikalitoboa tundu la uso. Tundu moja, la duara, safi. Baadaye Dada akanunua kitanda cha kweli, godoro nikalirudisha. Nilirudisha! Wako watu wasiorudisha vitu. Mama anasema tangu hapo akilala kichwa kinazama, na eti shingo ilianza wiki hiyohiyo. Nikamwambia kwenye daftari la kozi hakuna ugonjwa unaoitwa godoro. Akaliambia jokofu kwamba mwanawe amesoma sana.

Iliniuma. Sisemi uongo. Nilipotoka nilipiga teke geti, na geti ni la chuma.

Jioni nilimwambia Mwoka Mikate kwamba Dada amesogeza zamu yake ya kesho, si saa sita tena, ni saa nane. Akaniamini papo hapo. Halafu, bila kuombwa, akaanza kunipa ushauri! Eti nisiondoe mikono yote miwili kwa pamoja, mmoja ubaki kila wakati, mtu akiachwa ghafla anajihisi katupwa. Eti ninyamaze kidogo, mgongo nao una la kusema. Mtu nimemdanganya dakika mbili zilizopita, naye ananisaidia! Alinichefua kabisa. Nilishindwa kula.

Jumamosi, 8 Machi

Yote niandike sawasawa, hasira isinipeleke mbele.

Saa nne. Mama kalazwa, uso ndani ya tundu. Mbele kulikuwa na bibi harusi, dawa kichwani, Dada hakuweza kumwacha hata kidogo. Mwoka Mikate alikuwa nje kwenye benchi. Nikaingia na viatu vyangu vya kahawia, nilivyovipaka rangi tangu jana. Kwa kuwa kusema ni marufuku, nilinong'ona hesabu tu. Rula kwenye bega la kushoto. Kupapasa, kukanda, kusugua kwa kidole gumba, kugongagonga, kila kimoja dakika saba kamili. Kila nilipotazama saa niliinua mikono yote. Mama alisema aa mara nne. Ya tatu ilikuwa kali. Nilipomaliza, Dada akachungulia, akamwambia ajaribu kugeuka. Hata ukucha! Shingo ilikuwa ngumu kuliko alivyokuja nayo.

Sikujali. Mtihani wa kulinganisha si lazima ushinde, mwenzako akiboronga zaidi inatosha. Mwoka Mikate akaaga kwenda kutembea hadi saa nane. Vyekundu akaviacha chini ya kitanda. Nikavivaa. Cha kushoto kikapasuka kisigino, nikakishikilia kwa kukunja vidole.

Saa sita Mama akalazwa tena. Nilikusudia kumpapasa ovyo dakika kumi, bila mpangilio, halafu nitoke. Hiyo tu. Kumuumiza sikukusudia, mimi si mnyama.

Nikaweka mikono shingoni mwake.

Ni ndogo. Shingo ya Mama ni ndogo. Nilikuwa naikumbuka ya mwanamke aliyekuwa akibeba gunia na mimi mgongoni. Hii inaenea kwenye kiganja kimoja. Chini ya sikio la kushoto kulikuwa na fundo la msuli, gumu kama kokwa, na asubuhi nililipita na rula sikulisikia. Sijui nilifanya nini. Sikuhesabu. Vidole vya miguu vilikuwa vinakufa kimoja kimoja, nikasimama palepale, mkono mmoja nimeuweka begani mwake nisianguke, mwingine juu ya lile fundo, nikangoja. Sikubonyeza. Mikono yangu ilikuwa imepata joto, sijui lilitoka wapi. Yeye akashusha pumzi ndefu. Na mimi nikashusha. Fundo likalegea taratibu, nikalisikia likiondoka chini ya kidole, na macho yakanichoma. Nililaumu mafuta.

Sijui ilipita saa nzima au nusu. Nilikuwa nimesahau kuboronga. Nilisahau kabisa!

Kisha Mama akatoa uso kwenye tundu. Akageuza shingo. Kushoto. Taratibu, sentimita tatu kwa sekunde, hadi mwisho. Na kushoto nilikuwepo mimi.

Miezi mitatu hajaniona usoni. Akaniangalia mimi, akaangalia viatu, akaniangalia tena. Nilitamani sakafu ipasuke. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hakuviamini viatu tangu mwanzo. Kidole changu kidogo cha kushoto kimepinda tangu nilipobanwa na mlango nikiwa na miaka minne, na ni yeye aliyekifunga kitambaa. Alikisikia shingoni mara tu nilipomgusa. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu alikuwa anapata nafuu, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa nimenyamaza, kwa nini aharibu vyote viwili?

Akanipangusa uso na taulo la kitanda. Nililaumu mafuta tena. Akakubali kwamba ni mafuta.

Halafu ndipo liliponifika. Nimeshinda! Nimeilegeza! Nikawa nakimbilia mlangoni kumwita Dada, nikakwama katikati. Nitasema nini? Kwamba aliyemponya ni mimi, kwenye zamu ya mwenzangu, ndani ya viatu vya mwenzangu, baada ya kumdanganya mwenzangu? Nikamgeukia Mama anitetee. Nikamwomba aseme wa kwanza ndiye bora. Wa kwanza! Neno moja! Akasema yeye hawezi kusema uongo, na wa kwanza nusura amvunje.

Nikavua viatu, nikatoka kwa mlango wa nyuma miguu mitupu. Mama akajitokeza mbele, akageuka kushoto mbele ya bibi harusi na watu wote, wakapiga makofi. Akamwambia Dada kwamba aliyeiponya ni wa pili, mwenye viatu vyekundu. Kila neno kweli tupu! Ndiyo maana inaniuma hivi!

Saa nane Mwoka Mikate alirudi tayari kwa kazi. Dada akamkabidhi ufunguo. Mwenyewe akasema hajagusa mtu. Mama akamshika mkono akamwambia mwanangu, mikono yako ina sifa zake, pokea. Akapokea. Alipovivaa viatu, mguu ukapwaya. Kisigino kikaning'inia. Akavitazama muda mrefu, kisha akanitazama miguu, halafu uso. Angesema! Angenitukana, nikapata pa kuanzia!

Dada ameniagiza nitoe fremu ya cheti ukutani kabla ya Jumatatu. Chumba kimekwenda. Usiku huu nimebaki na daftari na miguu iliyovimba.

Jumapili, 9 Machi

Mama kaniita. Nilikwenda nimenuna. Kiti cha kushoto, kama kawaida, ila leo anageuka. Kanitazama wakati wote nilipokuwa nakunywa chai, hadi nikaona aibu nikatazama jokofu.

Akanipa kazi. Kila Jumapili niwe namkanda. Majirani wawili wa juzi nao wanataka, na Fundi Cherehani ana shangazi yake. Sebuleni kwake kuna nafasi ya mkeka. Nikasema afadhali sasa sayansi imepata heshima yake, nikamlaza, nikatoa rula, nikaanza na utangulizi kuhusu tabaka za ngozi. Nilikuwa tabaka la pili. Mama akaniomba, kwa upole kabisa, nikavae vile viatu vyekundu.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema nikiwa ndani ya vile viatu nakuwa mtu mwingine.

Nilijua! Niliandika hapa tangu Alhamisi! Upendeleo wa viatu! Hata mama yangu mzazi! Siri yote ya Mwoka Mikate, miaka yote hii ya kusifiwa, ni plastiki nyekundu. Kesho nanunua jozi yangu. Nanunua namba yangu, yenye nafasi ya vidole, ili niweze kutembea haraka na kueleza vizuri. Nitafungua chumba sebuleni kwa Mama na nitamfunika yule mtu asionekane.

Kuna tatizo moja dogo. Leo asubuhi shingo imeanza kukaza tena. Mama kanionesha godoro, lile tundu limezidi kupanuka, kichwa kinaingia hadi masikio. Akasema nilizibe, hilo tu ndilo anataka kwangu, hataki kingine. Alisema akinitazama machoni, na siwezi kumwona anageukia jokofu tena. Siwezi.

Kwa hiyo nimekwisha kupima. Duara, sentimita ishirini na nane, sponji nene. Kwenye saluni ya Dada kuna kochi jipya la wateja, sponji yake ni ileile. Nitakata nyuma, chini, duara moja tu, safi, kisha nitalisukuma kochi ukutani. Ufunguo wa mlango wa nyuma bado ninao, na kisu nimekinoa.

Hatajua.